Sahani Zenye Alama Nyekundu

Mwezi uliopita nilialikwa kula pilau kwa ajili ya kifafa. Sina namna nyingine ya kulieleza. Hospitali niliyoanzia kazi, hapa hapa pwani ya Bagamoyo, ambayo jina lake sitalitaja maana wenyewe wanajijua, imefungua kliniki ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, na wakubwa wakaona itapendeza wakipatikana manesi wawili watatu wa zamani wa kupiga nao picha. Wenzangu wengi wametangulia mbele ya haki. Nikabaki mimi, bibi mwenye magoti mabovu, nikavishwa fulana ya zambarau juu ya baibui langu na kukalishwa kiti cha mbele karibu na spika. Kila aliyesimama kuhutubia alisema wagonjwa wa kifafa ni ndugu zetu. Walilisema sana, mpaka nikaanza kuhesabu. Watu hawahitaji kuambiwa mara tisa kwamba fulani ni ndugu yao kama kweli wanamwona ni ndugu yao.

Hotuba zilipokwisha, daktari mmoja kijana, Daktari Neema, binti mpole mwenye adabu zake, alinishika mkono akanitembeza. Alinionyesha kofia yenye nyaya ambayo mgonjwa huvalishwa, mawimbi ya ubongo wake yakaonekana kwenye kompyuta, na bingwa aliyeko Dar akayasoma bila kunyanyuka kitini. Alinionyesha kabati la dawa, aina nne tano, nyingine sijawahi hata kuzisikia. Alinionyesha orodha ya miadi, na kila mgonjwa ana namba ya simu ya kupigiwa asipotokea. "Zamani mlikuwa mkipimia kitu gani, Bibi?" akaniuliza. "Macho," nikamwambia. Waliokuwa nyuma yetu wakacheka, wakidhani natania. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshatambua tumesimama wapi. Ukuta umepakwa rangi nyeupe, kiyoyozi kinanguruma, chini pametiwa vigae, lakini dirisha ni lile lile la nondo sita, linalotazama ua wa dobi. Chumba walimoiweka ile kofia ndicho kilichokuwa chumba cha nyuma, tulimowalaza wa kifafa.

Kisha chakula kikaja, na hapo ndipo nilipotaka kuondoka. Sisi wageni tuliandaliwa meza yenye kitambaa na sahani za kaure. Wagonjwa, wale ndugu zetu, walikuwa chini ya turubai upande wa pili wa ua, wakigawiwa pilau kwenye maboksi meupe ya kutupa. Nilimuuliza binti aliyekuwa akigawa kwa nini wale hawapewi sahani. Aliniinamia kwa heshima zote akaninong'oneza, "Ni kwa ajili ya usafi tu, Bibi." Nikaitazama sura yake nzuri, iliyopakwa poda vizuri, na nikasikia sauti ya mtu mwingine kabisa, mtu aliyekwisha kufa. Nikainuka na sahani yangu ya kaure nikaenda kukaa turubaini. Sikwenda kwa wema, nilikwenda kwa hasira. Na huko ndiko nilikouona ule mkono. Mkono wa kushoto, vidole viwili vya mwisho vimeshikana mpaka kwenye kucha, ngozi ya juu yake laini inayong'aa, umeshika kopo la plastiki lenye mfuniko. Miaka yote hii nilikuwa nimeamini kwamba mkono ule umezikwa kijijini Fukayosi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha uuguzi na cheti changu ndani ya bahasha. Wazazi wangu na nyumbani kwetu nitawaacha, hawana hatia katika haya. Kazi yangu ya kwanza ya unesi, baada ya miaka mitatu ya kukariri mifupa na mishipa, ilikuwa kupaka rangi sahani. Mkuu wa wodi yetu, Sista Hidaya, alinikabidhi kopo la rangi nyekundu, brashi, na rundo la sahani na vikombe vya bati vya wagonjwa wa kifafa, kwa kuwa alama za zamani zilikuwa zimefutika. "Mstari mnene ukingoni, na duara chini," akaniagiza, "visije vikachanganyika na vya watu." Vya watu. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma asubuhi nzima nikipaka mistari, na nilijivunia jinsi mkono wangu ulivyonyooka.

Chumba cha nyuma kilikuwa na vitanda sita na magodoro yaliyofungwa plastiki. Kilinuka mkojo, dawa ya kusafishia choo na maharage yaliyolala, na harufu hiyo iliingia kwenye gauni langu ikanifuata hadi nyumbani. Chakula kiliwafikia wao mwisho, wodi zote zikishakula, na mpishi aliwapakulia akiwa mlangoni kwa upawa wa mpini mrefu. Mgonjwa akianguka, sheria ilikuwa moja: asiguswe mpaka atulie na povu likauke, kwa maana mate yale yakikupata, na wewe unao. Hivyo ndivyo walivyoamini wauza samaki sokoni, na hivyo ndivyo walivyoamini manesi wenye vyeti ukutani. Chuoni tulifundishwa kwamba kifafa hakiambukizi. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikawekewa alama ya vema. Kisha elimu ile nikaiacha ndani ya bahasha pamoja na cheti, nikajifunza kutembea na leso mfukoni ya kuzibia pua.

Tatu aliletwa na mama yake kutoka Fukayosi, nami nina miezi mitatu tu kazini. Nilimzidi miaka miwili. Alikuwa ameolewa Lugoba, akazaa binti, Zaina, na baada ya uzazi ule wa taabu akaanza kuanguka. Siku moja aliangukia mafigani akisonga ugali, na mkono wa kushoto ukaungua vibaya, maana waliokuwepo walisimama wakingoja povu likauke kama tulivyosimama sisi tuliosoma. Mumewe akamrudisha kwao. Mtoto akabaki kwa bibi yake mzaa baba, Bi. Mwajuma, ambaye hakuwa mtu mbaya; alitoa sharti tu. Tatu akimaliza miezi mitatu hospitalini bila kuanguka, yeye mwenyewe angekuja kumwona, na angemkabidhi mtoto wake. Sharti hilo Tatu alimwambia kila aliyeingia chumbani, hata mfagiaji.

Alianzishiwa fenobabitoni, kidonge kimoja cheupe kila jioni, na akaacha kuanguka. Siku nzima alikaa chini karibu na dirisha la ua wa dobi akisuka ukili wa mkeka, mwanzo wake ameubana kwa kidole gumba cha mguu, mkono mzima ukifanya kazi ya miwili. Kila siku iliyopita salama alisuka urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, wala hazidishi, kisha akauzungushia kwenye duara alilolificha chini ya kitanda. Ulikuwa mkeka wa Zaina, na ulikuwa kalenda yake. Duara likakua likafikia ukubwa wa tairi la baiskeli. Alikuwa mcheshi. "Nesi Rukia," aliniambia siku moja, "mbona unatembea humu kama uliyekanyaga kuku wa watu?" Nilimpenda, nakiri. Wenzangu waliweka vidonge kwenye kipande cha gazeti wakakisukuma kwa ncha ya kijiko. Mimi nilimwekea Tatu kidonge kiganjani. Hilo ndilo jambo jema pekee nililolifanya mwaka ule, na hata hilo nililifuata kwa kunawa sabuni mara mbili.

Jumamosi moja mama yake alimletea vitumbua kwenye kikapu. Nilipopita, Tatu aliniita, akanichagulia kimoja kilichoiva vizuri pande zote. "Hiki nimekuwekea wewe," akasema. Nilikipokea kwa mkono wa kulia, nikatabasamu, nikasema ahsante, nitakila na chai. Nikazunguka nyuma ya jengo, kwa dobi, nikawatupia kuku wake, nikafuta vidole kwenye gauni. Jioni aliniuliza, "Kilikuwaje?" Nikamwambia kilikuwa kitamu mno. "Alhamdulillahi," akasema, na akaendelea kusuka. Nimewahi kufuta matapishi na usaha wa watu wengi katika maisha yangu, wala sikumbuki harufu zake. Ila mafuta ya kile kitumbua kwenye vidole vyangu nayasikia hadi leo.

Alipokuwa katika mwezi wake wa tatu, dawa zikaanza kupungua, kwani gari la dawa kutoka Dar lilikuwa halijaonekana kwa majuma kadhaa. Asubuhi moja nilikuwa barazani namimina chai ya Sista Hidaya na daktari wetu, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, ambaye chumba cha nyuma alikikagua kutoka mlangoni. Alikuwa anakula chapati na maini, daftari la wodi limefunguliwa mbele yake.

"Fenobabitoni haiwatoshi wote," Sista alisema. "Nimemtoa yule wa Fukayosi."

"Yule anayeendelea vizuri?"

"Yule aliyeungua, daktari. Wa kifafa akishaguswa na moto hatibiki tena, hilo nani asiyelijua? Dawa wapewe ambao bado hawajaungua."

Daktari alitafuna kwanza. Nilimngoja aseme neno, alikuwa msomi, amefika mpaka ng'ambo. "Mpe vitamini basi," akasema, "asije akalia." Akafuta kidole cha mafuta kwenye ukingo wa daftari, akatia sahihi. Imani ile ya kwamba aliyeungua hatibiki ilizunguka vijiji vyote vya huku, kutoka kilinge cha mganga hadi kilinge, na siku ile niliiona ikiingia kwenye daftari la serikali kwa wino wa buluu. Na mimi nilijua. Tulifundishwa kwa msisitizo kwamba dawa ile mtu hakatiwi ghafla, ukimkatia ghafla unamwangusha kwa mikono yako mwenyewe. Sentensi nzima ilikuwa imeshapangika mdomoni. Nilichosema ni, "Sista, nikuongezee sukari?"

Jioni ile nilimwekea Tatu kiganjani kidonge cha njano. Alikitazama. "Hiki kipya?" akauliza. "Kipya," nikamwambia, "kina nguvu zaidi." Hilo la nguvu zaidi hakuna aliyeniagiza, nililiongeza mwenyewe. Alitupa jicho kitanda cha jirani, akanitazama mimi kwa muda mfupi, kisha akameza. Baada ya juma moja mikono yake ilianza kutetemeka, ukili ukawa unampinda. Mara mbili nilimwona amekatika katikati ya maneno, macho yamesimama, kisha akarejea akaniuliza alikuwa anasema nini. Mahali pa kuandika mambo hayo palikuwepo kwenye faili lake. Sikuandika.

Miezi mitatu ikatimia na Bi. Mwajuma akafika kweli, amepanda basi Lugoba na kubadilisha Chalinze, mtoto mgongoni. Tuliwakalisha barazani. Tatu alikuwa ameoga mapema, amevaa kanga mpya, duara lake la ukili ameliweka magotini. Zaina alikuwa ameshaanza kutembea, amevalishwa gauni lenye mifuko miwili ambayo hakutaka kutoa mikono ndani yake. "Nenda kwa mama," Bi. Mwajuma akamwambia. Mtoto alisogea hatua moja, akasimama, akasogea nyingine. Hakumtazama mama yake, alikuwa anautazama ule ukili. Akatoa mkono mfukoni akaugusa. Tatu akainama kumnong'oneza kitu, na badala ya neno ikatoka ile sauti ya kifafa. Akaanguka kifudifudi, na duara likamtoka magotini likabingirika, ukili ukafunguka mzunguko baada ya mzunguko mpaka uani. Nilikuwa hatua mbili kutoka alipo. Kichwa chake kiligonga ukingo wa saruji, kikagonga tena, na tena, na mimi nimesimama na leso puani nangoja povu likauke.

Bi. Mwajuma alimnyakua mtoto akamfunika uso kwa kanga. Alikuwa analia. Tatu alipofumbua macho, yule mama aliinama kwa mbali akamwambia, "Nimeona, mwanangu. Si kosa lako wala si langu." Akaondoka. Sista Hidaya alitoka ofisini, akatazama damu kwenye saruji, akatugeukia sisi manesi. "Si niliwaambia?" akasema. "Aliyeungua hatibiki." Alilisema kwa raha, kama mtu aliyeshinda ubishi. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa changu.

Mama yake Tatu alimchukua kesho yake, akiwa bado anaanguka mara mbili tatu kwa siku. Ukili ulibaki, na dobi akautumia kufungia mafurushi ya mashuka machafu mpaka ukaisha. Karibu na mwisho wa mwaka mfagiaji alisema yule wa Fukayosi amekufa. Wa Fukayosi tulikuwa tumewalaza wengi. Sikuuliza yupi.

Siku hizi vijana wakinisikiliza hutaka niwaambie kwamba zamani hatukujua, ili waondoke wamefurahi kwamba sasa tunajua. Mimi nilijua, na naona kinyaa. Namwonea kinyaa Sista Hidaya, ambaye nilikwenda mazikoni kwake nikasikia akisifiwa huruma zake. Namwonea kinyaa daktari na vidole vyake vya mafuta. Lakini hao ninaweza kuwaacha huko huko waliko. Yule msichana wa sukari ndiye ninayeamka naye kila siku, na ukutani kwangu kuna cheti cha mfanyakazi bora chenye jina lake.

Basi turubaini nilisimama na sahani yangu mbele ya ule mkono mpaka mwenyewe akainua uso. Amenenepa, kichwa kimejaa mvi, juu ya nyusi kuna kovu la saruji yetu. "Shikamoo, nesi Rukia," akasema.

Nikamwambia sisi tunalingana, shikamoo ya nini.

"Ya unesi," akacheka. "Kaa, utamwaga pilau."

Nikakaa. Alinieleza bila kuulizwa. Mwaka uliofuata mama yake alimpeleka zahanati moja ya Chalinze, wakampa vidonge vyeupe vile vile, na tangu hapo akawa anaanguka kwa nadra, na miaka mingi sasa hajaanguka kabisa. Leo hakuja kwa ajili yake. Amewaleta wagonjwa watatu wa kijijini kwao, maana wanaogopa kuja peke yao. Nikamuulizia Zaina.

"Yupo, ana watoto wanne. Idi hainipiti bila kanga kutoka kwake. Ananiita mama mdogo."

"Hajui?"

"Bi. Mwajuma alimlea hivyo, asije akachekwa kwamba mama yake ana kifafa. Akafa hajamwambia. Na mimi nimwambie leo, ana wakwe? Atasema nilikuwa wapi."

Nilitaka kuinuka nikimbie, nikajilazimisha kubaki. "Tatu," nikasema, "vile vidonge vya njano..."

"Vya vitamini," akasema.

Niliiweka sahani yangu chini.

"Nilijua siku ile ile, nesi. Wenzangu wote walikuwa na vyeupe."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ndiye uliyekuwa ukiniwekea mkononi. Nikasema nikimshtaki huyu ataondolewa, ataletwa mwenye gazeti na kijiko." Alipangusa mfuniko wa kopo. "Nilidhani nitaweza kujizuia. Siku zenyewe zilikuwa zimebaki chache."

Nilijaribu kuomba radhi, na maneno niliyoyaandaa kwa miaka yote hiyo yakatoka nusu nusu. Sijui kama aliyasikia, kwa sababu spika zilikuwa zimewashwa tena na mtu mwingine alikuwa anawaambia watu kwamba hawa ni ndugu zetu. Tatu alifungua mfuniko wa lile kopo. Ndani mlikuwa na vitumbua, alivyowapikia wagonjwa wake kwa sababu foleni ni ndefu. Alivigeuzageuza, akachagua kimoja kilichoiva vizuri pande zote, akaninyooshea. Na Mungu ni shahidi wangu, baada ya miaka yote hiyo, baada ya kozi zote, na fulana ya zambarau mwilini, mkono wangu ulichelewa. Ulichelewa kidogo tu, kitu ambacho mwingine asingekiona.

Tatu alikiona. "Kula, nesi," akasema. "Hapa hakuna kuku."